Nani Alilipia Kinga: Historia ya Fedha za Afya Butembo, Beni na Vuhovi

Bima ya afya ya umma, kwa maana yake ya msingi, ni mpango ambao watu wengi hutoa mchango mdogo wakiwa wazima ili gharama ya mmoja wao atakayeugua ibebwe na fungu la wote. Na kinga, katika lugha ya wataalamu wa afya, ni kazi yote inayofanywa kabla ya ugonjwa kuingia, kuanzia chanjo na upimaji wa wajawazito hadi ulinzi wa chemchemi za maji na upimaji wa uzito wa watoto wadogo. Mambo haya mawili huonekana kuwa ndugu, kwa kuwa mfuko unaolipia wagonjwa ungepaswa kuwa wa kwanza kutaka wagonjwa wapungue. Hata hivyo, katika miinuko ya Kivu ya Kaskazini wanakoishi Wanande, ambao pia hujiita Wayira, yaani katika miji ya Butembo na Beni na katika milima ya Vuhovi, makao ya uchifu wa Bashu na ya zoni ya afya inayoitwa pia Vuhovi, historia ya karne moja inaonyesha kwamba ndugu hao karibu hawakuwahi kula chungu kimoja. Matibabu yalitafutiwa fedha mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe, ilhali kinga ililipiwa na mtu wa mbali ambaye mara nyingi alikuwa na sababu zake; na vyama vya bima vilipofika, viliukuta mgawanyo huo umekwisha kukomaa, vikaurithi.

Mlipaji wa kwanza wa kinga alikuwa utawala wa kikoloni wa Ubelgiji, na alilipa kwa sababu ya hofu. Malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, uliangamiza watu wengi sana katika Afrika ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa utawala uliotegemea kodi na nguvukazi, kijiji kilichokufa kilikuwa hasara ya hazina. Kwa hiyo ziliundwa timu za kuzunguka, zilizowapanga watu mistari, zikawapapasa tezi za shingo na kuwachoma sindano, na msafiri akatakiwa kuchukua hati ya afya iliyothibitisha kwamba amepimwa. Katika bonde la Semuliki, chini ya Ruwenzori, watu waliondolewa katika ardhi yao kwa jina la kupambana na malale, na sehemu kubwa ya bonde hilo ikaingizwa katika Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo huitwa Virunga, jambo ambalo bado limo katika madai ya ardhi ya wakazi wa kando ya hifadhi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sindano za pentamidini zilitolewa kwa umati wa watu ambao hawakuwa wagonjwa, ili damu yao isipokee vijidudu, na kufikia mwaka 1959 wagonjwa wapya wa malale katika koloni nzima walikuwa wamepungua hadi wapata elfu moja tu. Mafanikio hayo hayafai kudogoshwa, wala namna yalivyopatikana haifai kupambwa: mkulima wa Kinande hakuombwa senti ya kulipia kinga hiyo moja kwa moja, lakini pia hakuombwa ridhaa.

Kampuni nazo zililipa, kwa hesabu iliyokuwa wazi zaidi. Butembo ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 kandokando ya kambi ya kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, na sheria ya kazi ya mwaka 1922 ilikuwa tayari imemlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi anapougua. Mwajiri aliyelazimika kulipia tiba alikuwa na sababu ya kuchimba vyoo, kugawa kwinini na kukagua chakula, kwa kuwa kila siku ya homa ilikuwa siku ya uzalishaji uliopotea. Katika historia yote ya eneo hili, pengine kambi ya kampuni ndiyo mahali pekee ambapo mfuko mmoja ulilipia tiba na kinga kwa pamoja na kunufaika na kinga hiyo. Lakini ilikuwa kambi, na mipaka yake iliishia pale orodha ya wafanyakazi ilipoishia.

Nje ya kambi kulikuwa na misheni. Mapadre Waasumpsionisti walifika upande wa Beni mwaka 1929, na kutokana na kazi yao likakua jimbo la Kikatoliki ambalo leo huitwa Butembo-Beni. Kwa upande wa Waprotestanti, daktari Mmarekani Carl Becker alianza mwaka 1934 huko Oicha, kaskazini mwa Beni, hospitali ambayo ilikuja kujulikana mbali kwa matibabu yake ya ukoma. Kuanzia mwaka 1947, mfuko wa serikali ya kikoloni ulioitwa Fonds du Bien-Être Indigène, yaani mfuko wa ustawi wa wenyeji, uligharimia zahanati na maji ya vijijini katika sehemu mbalimbali za Kongo, ukifuatiwa na mpango wa miaka kumi wa 1949 hadi 1959. Wazo la watu kujichangia wenyewe lilikuja kwa kuchelewa mno: dekrii ya tarehe 15 Aprili 1958 iliruhusu vyama vya kusaidiana kwa mfano wa vile vya Ubelgiji, ambako bima ya ugonjwa ilikuwa ya lazima kwa wafanyakazi tangu mwisho wa vita. Ilibaki miaka miwili tu kabla ya uhuru, na vyama vyenyewe karibu havikuwapo. Taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii iliyoundwa mwaka 1961 ilishughulika na pensheni, ajali za kazini na posho za familia, ikaliacha suala la ugonjwa mikononi mwa waajiri. Na kwa kuwa mlimaji wa maharage wa Vuhovi na mchuuzi wa Butembo hawakuwa na mwajiri, wote wawili walibaki nje.

Hatua iliyofuata haikuanzia Kivu ya Kaskazini, bali Kasongo, katika Maniema, mji wa kale wa wazungumzaji wa Kiswahili, ambako kuanzia mwaka 1971 Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Antwerp kiliendesha majaribio ya kupanga upya huduma za afya za wilaya nzima. Fikra ya Kasongo ilikuwa kwamba muuguzi yuleyule, katika kituo kilekile cha afya, atibu wagonjwa asubuhi na apime wajawazito na watoto siku maalumu, na kwamba mgonjwa alipe bei moja kwa ugonjwa mzima, hata akirudi mara tatu, badala ya kulipia kila kidonge. Bei hiyo moja ilikuwa aina ndogo ya bima, kwa sababu aliyeugua kidogo alimsaidia aliyeugua sana. Timu ya Kasongo ilikwenda mbali zaidi, ikachapisha mwaka 1981 utafiti kuhusu chanjo ya surua uliodokeza kwamba sehemu ya watoto waliookolewa na chanjo walifariki baadaye kwa sababu nyingine. Watafiti wengine waliupinga vikali uchambuzi huo, na tafiti zilizofuata ziliipa chanjo ya surua heshima yake. Lakini swali lililobaki lilikuwa la maana, nalo ni kama kampeni ya chanjo moja, inayokuja na gari na kuondoka na gari, inaweza kuchukua nafasi ya kituo kinachokaa na watu mwaka mzima. Butembo na Beni zilikuja kukutana na swali hilohilo miaka arobaini baadaye, katika hali mbaya zaidi.

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulipotangaza afya ya msingi kwa wote, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa na mifano yake tayari, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306, kila moja ikiwa na hospitali ya rufaa, vituo vya afya na ofisi kuu chini ya daktari mkuu wa zoni. Mradi wa SANRU, ulioanza mwaka 1981 kwa fedha za Marekani na kusimamiwa na Kanisa la Kristo katika Zaire, ulisaidia zoni nyingi zilizokuwa mikononi mwa makanisa. Kwenye ramani, mpango ulikuwa wa kuvutia, na wataalamu wa nje waliusifu. Katika daftari la fedha, serikali ililipa mishahara midogo kisha ikaacha hata hiyo, na zoni zikaambiwa zijitegemee. Kujitegemea kulimaanisha kuuza tiba. Mgonjwa wa malaria hulipa kwa sababu anatetemeka, lakini mama mwenye mtoto mzima halipi chochote cha maana ili mtoto abaki mzima, na muuguzi ambaye posho yake inatokana na mapato ya kituo hujifunza upesi ni siku ipi ya juma inayomlisha. Upimaji wa watoto na wajawazito uliendelea kwa karatasi zilizouzwa kwa bei ndogo, wakati chanjo, majokofu na mafuta ya taa ya kuyaendesha vilitoka kwa wafadhili.

Katika hali hiyo ndipo lilipotokea jaribio la bima ambalo vitabu vya afya ya umma vinalitaja zaidi kuliko jingine lolote la Kongo. Mwaka 1986, huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, shirika la maendeleo la CDI lilianzisha bima ya hospitali ambayo mchango wake wa mwaka kwa mtu mmoja ulilingana takriban na bei ya kilo 2 za soya. Mwanachama aliyelazwa alilipa asilimia 20 tu ya gharama. Mwaka wa kwanza asilimia 28 ya wakazi wa zoni walijiandikisha, na baadaye wakazidi asilimia 60. Siri yake ilikuwa msimu: michango ilikusanywa wakati wakulima walipokuwa wakiuza mazao, na mnunuzi mkubwa alikuwa CDI yenyewe, iliyofanya biashara ya kahawa na kugharimia hospitali. Lakini bima hiyo ililipia kulazwa tu. Chanjo na upimaji havikuwekwa ndani yake, kwa hoja kwamba vituo vya afya vilikwisha kuvibeba kwa ruzuku ya shirika, na kwamba watu hujiunga na bima kwa kuogopa deni la hospitali.

Mtu anayezijua sehemu hizi mbili, Bwamanda na nchi ya Wanande, anaweza kuuliza kwa nini Vuhovi na Kyondo, zenye kahawa ya arabika ya miinuko na msimu wake wa fedha, hazikufanya vivyo hivyo. Jibu linaonekana kuwa katika soko. Kahawa ya Wanande haikuwa na mnunuzi mmoja; ilipita kwa wachuuzi wengi, na sehemu kubwa ilivuka kwa magendo hadi Uganda kupitia mpaka wa Kasindi na njia za milimani, kwa hiyo hapakuwa na meza moja ambapo mkulima angepokea malipo kwa mkono wa kulia na kutoa mchango wa bima kwa mkono wa kushoto. Uhuru uleule wa kibiashara uliowatajirisha wafanyabiashara wa Butembo, na uliowashangaza watafiti wa miaka ya 1980, uliinyima bima mlango wa kuingilia.

Miaka ya 1990 ilivunja kilichobaki. Uporaji wa mwaka 1991 ulifuatiwa na kuondoka kwa ushirikiano wa Marekani, ule wa Ubelgiji ukiwa umekwisha kusimamishwa mwaka 1990, na SANRU ikafungwa katika mfumo wake wa kwanza. Katika mashariki, asasi ya ASRAMES, iliyoundwa Goma mwaka 1993, iliziba sehemu ya pengo kwa kununua dawa muhimu na kuzisambaza kwa zoni, na makanisa yakabaki uti wa mgongo wa huduma. Vita vya 1998 hadi 2003 viliifanya Beni kuwa makao ya kundi la waasi la RCD-K/ML, na mwezi Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde katika Ituri ilishambuliwa kwa mauaji ya halaiki, na sehemu ya watumishi wake ikakimbilia Oicha na Beni. Nchi ya Wanande haikukosa moyo wa kuchangishana: chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo kuanzia mwaka 1966 hadi 1997, waumini na wafanyabiashara walitengeneza barabara, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikafunguliwa Butembo mwaka 1989. Ikumbukwe, ingawa si jambo la kupendeza kulisema, kwamba barabara huonekana na humfaa mwenye lori wiki ileile, na kinga haina sifa hata moja kati ya hizo mbili.

Mutueli ya afya, kama wakazi wanavyokiita chama cha bima kinachoendeshwa na wanachama wenyewe, ilipata ofisi yake ya kitaifa mwaka 2001, Wizara ya Afya ilipounda programu ya kuhimiza vyama hivyo. Utaratibu wake katika Kivu zote mbili ulifanana: familia nzima huandikishwa, ili wasiletwe wagonjwa peke yao, hufuata kipindi cha kungoja cha miezi kadhaa, ili mtu asijiunge akiwa tayari na homa, kisha mwanachama hupewa kadi na kulipa sehemu ndogo ya gharama kila anapotibiwa, ili asiende kituoni bila sababu. Kila sharti kati ya hayo ni la busara kwa mfuko mdogo unaoogopa kufilisika. Lakini yote matatu yanamtazama mwanachama kama hatari ya matumizi, na hakuna hata moja linalomtazama kama mtu ambaye ugonjwa wake ungeweza kuzuiwa. Hata pale chama kilipotaka kugharimia kinga, hesabu ilikataa, kwa maana faida ya chandarua au choo huja baada ya miaka na humfikia pia jirani asiyechanga, wakati deni la hospitali hudaiwa leo, na katika hospitali nyingi za Kongo mgonjwa asiyelipa kwa kawaida alizuiwa asitoke hata baada ya kupona.

Karibu zaidi na desturi za wenyeji ni MUSO, vikundi vya mshikamano vilivyoenea Kivu katika miaka ya 2000. Kikundi huwa na masanduku matatu: la kijani ni la akiba na mikopo, na fedha zake ni mali ya wanachama, jekundu ni la dharura, na kinachoingia humo hakirudishwi kwa mtoaji, bali hutolewa kwa aliyefikwa na ugonjwa au msiba, na la buluu hupokea fedha kutoka nje. Sanduku jekundu ndilo bima halisi ya watu wa kawaida, hata kama hakuna sheria iliyoliita hivyo, na uhai wake unatokana na kwamba wanachama hufahamiana kwa sura. Upande wa Uganda, hospitali ya Kisiizi ilitumia nguvu kama hiyo mwaka 1996 ilipojenga bima yake juu ya vyama vya engozi, ambavyo kazi yake ya kale ni kubeba wagonjwa na maiti kwa machela. Rwanda ilichukua njia nyingine: ilianza majaribio mwaka 1999 katika wilaya tatu, kisha ikatumia nguvu ya dola kuifanya bima iwe ya lazima. Hakuna kati ya njia hizo iliyozaliwa kwa ajili ya kinga. Mradi uliothubutu kuipa kinga bei ulikuwa ule wa ununuzi wa matokeo, ulioendeshwa na Cordaid katika Kivu ya Kusini kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ambapo kituo kililipwa kiasi fulani kwa kila mtoto aliyekamilisha chanjo na kila mjamzito aliyepimwa. Kwa mara ya kwanza siku ya kliniki ilimlisha muuguzi, ingawa mlipaji bado alikuwa mgeni.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, ikianzia Mangina katika zoni ya Mabalako, na kufikia mwisho wake tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewaambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Fedha za kinga ambazo eneo hili halikuwahi kuziota zilimiminika kwa miezi michache. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa njia ya mzunguko, yaani kuwachanja waliokutana na mgonjwa na wale waliokutana na hao, na Wizara, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ikatangaza matibabu ya bure katika zoni zilizoambukizwa, ili wagonjwa wasijifiche kwa kukosa ada. Vituo vilijaa, jambo ambalo ni ushahidi wa wazi wa kiasi gani ada ilikuwa imewafungia watu nje. Wakati huohuo palizuka hasira. Watu waliokuwa wakifiwa kwa mapanga na risasi za waasi huko Beni, na ambao watoto wao walikuwa wakifa kwa malaria bila gari lolote kufika, waliona kwamba kinga hii ilikuwa ikiilinda dunia dhidi yao, wakaiita biashara ya Ebola; vituo vya matibabu vya zoni ya Katwa na vya Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko Kiboung, aliuawa Butembo. Uuaji huo hauna utetezi. Lakini hoja ya fedha haikuwa uzushi: mwaka huohuo surua iliikumba Kongo nzima, na hadi Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, karibu mara tatu ya Ebola, kwa ugonjwa ambao chanjo yake ilikuwapo tangu enzi za Kasongo.

Matibabu ya bure yalipokoma, mutueli zilibaki na kazi ngumu ya kuwaeleza wanachama kwa nini walipe tena kitu walichokipata bila malipo. Sheria, kwa upande wake, ilikuwa ikisonga mbele. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilifuta dekrii ya 1958 na kuzipa mutueli msingi mpya. Ile ya tarehe 13 Desemba 2018 iliweka kanuni za afya ya umma, ikarekebishwa Machi 2023 ili kutoa nafasi kwa bima kwa wote. Na mwezi Septemba 2023 uzazi wa bure, pamoja na upimaji wa wajawazito, ulizinduliwa Kinshasa kuwa hatua ya kwanza. Katika taasisi zilizoundwa mwaka 2022 kwa ajili ya mageuzi hayo, Mfuko wa Mshikamano wa Afya ulipewa jukumu la kulipia huduma za wanachama, na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma jukumu la kuzuia na kufuatilia magonjwa. Mgawanyo uleule uliozaliwa na timu za malale ukapata hivyo ofisi mbili, majina mawili na bajeti mbili.

Kivu ya Kaskazini imekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, na katika zoni za Oicha na Mutwanga mashambulizi ya waasi wa ADF yameendelea kuhamisha vijiji kuelekea Beni na Butembo. Mhamaji huacha nyuma mutueli yake, kwa kuwa mfuko wake ni wa kituo alichokikimbia na watu aliochanga nao wametawanyika. Kadi ya chanjo ya mwanawe, kwa upande mwingine, hupokelewa Katwa au Vuhovi bila swali, kwa sababu hakuna mtu wa kijiji chake aliyeilipia.